Baridi ya Kitulo, Mikono ya Gerezani

Miongoni mwa kazi za mikono zinazostahili heshima jijini Dar es Salaam imo kazi ya kuandaa tela la kambi, yaani kijumba chenye magurudumu kinachovutwa na gari na kutumiwa kwa malazi safarini, ili liwahifadhi watu katika nyanda za baridi. Tela la aina hii si bidhaa ya kawaida sokoni, lakini stadi zote linazozihitaji zimo katika eneo dogo la katikati ya jiji: Gerezani kuna mafundi wa kuchomelea vyuma, na katika mitaa jirani ya Kariakoo kuna wauzaji wa maturubai, sponji, zipu, raba na mablanketi, pamoja na washonaji waliozoea kufunika malori ya masafa marefu. Ugumu wa kazi hiyo unatokana na mahali inapofanyikia, kwa kuwa pwani hii hata usiku wa Julai joto haliendi mbali na nyuzi 20 za Selsiasi, na fundi aliyelowa jasho hutakiwa kumkinga mtu mwingine na baridi ambayo pengine yeye mwenyewe hajawahi kuilalia. Ubora wa kazi yake, basi, hautegemei mikono peke yake, bali pia uwezo wa kuuheshimu usiku ambao haupo mbele yake.

Mfano mzuri wa usiku huo unapatikana Kitulo, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 2005 katika Nyanda za Juu Kusini, ambayo kwa wingi wa maua yake huitwa Bustani ya Mungu. Uwanda wake uko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, msafiri aliyetoka Dar es Salaam huacha nyuma yake nyuzi 17 hivi kabla hata ya jua kuzama. Katika miezi ya kipupwe, kati ya Juni na Agosti, jalidi, yaani umande ulioganda, huweza kuonekana juu ya nyasi alfajiri. Kufika huko ni kupita Morogoro, kuupanda mlima Kitonga, kupita Iringa, na kisha kuiacha barabara kuu pale Chimala ili kupanda kwenda Matamba kwa njia inayojulikana kwa kona zake 57. Tela lililofungwa vizuri likiwa limesimama Gerezani linaweza kufika juu likiwa na bolti zilizolegea na viungo vilivyoachana, na kila kiungo kilichoachana ni mlango wa upepo; kwa hiyo uimara wa chesesi, ambayo ni fremu ya chuma inayobeba mwili wa tela, ni sehemu ya kinga dhidi ya baridi.

Msingi wa kinga yenyewe ni kanuni moja: kinachozuia joto lisipotee ni hewa iliyotulia. Blanketi halitengenezi joto, bali hunasa hewa kati ya nyuzi zake na kuchelewesha joto la mwili lisitoroke, na sponji hufanya vivyo hivyo kwa vitundu vyake visivyohesabika. Fundi anayeielewa kanuni hii hawezi kuikandamiza sponji kati ya bati la nje na ubao wa ndani mpaka ikawa nyembamba, kwa sababu atakuwa ameiondoa hewa iliyokuwa ikifanya kazi. Hujihadhari pia na chuma kinachopita moja kwa moja kutoka nje hadi ndani, kwa maana chuma hupitisha joto kwa wepesi, na boriti moja iliyoachwa wazi huweza kuubatilisha ukuta mzima. Hapo huweka kipande cha mbao au raba ili kuikata njia hiyo. Sakafu huhitaji uangalifu wa pekee, kwani mwili wa aliyelala huibana sponji ya godoro upande wa chini, mahali ambapo ubaridi wa sakafu unamngoja.

Mshonaji wa turubai naye ana elimu yake. Kila tundu la sindano ni tundu la maji, kwa hiyo hukunja pindo mara mbili, akapitisha mshono mahali ambapo kitambaa kimelaliana, akatumia uzi uliopakwa nta, na kuelekeza mkunjo chini ili mvua iteleze badala ya kutuama. Mafundi wa maji hupitisha mabomba ndani ya tela na kuweka koki mahali pa chini kabisa ili maji yamwagwe usiku, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na yanaweza kupasua bomba.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini katika tela la baridi hekima hiyo huhitaji mwenziwe, kwa kuwa kuna matundu ambayo ni lazima yabaki wazi. Watu waliolala hutoa mvuke kwa pumzi zao, na mvuke huo ukikutana na ukuta baridi hugeuka matone yanayolowesha sponji na mablanketi, ambavyo vikilowa hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuhifadhi joto. Hatari kubwa zaidi ni jiko la mkaa linaloingizwa ndani kwa ajili ya kuota moto, kwani hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu na kuizuia isibebe oksijeni, hata aliyelala akafa bila kuamka. Kwa sababu hiyo fundi mwadilifu huweka tundu la hewa chini na jingine juu, na humweleza mteja waziwazi kwamba jiko hubaki nje. Jiko la gesi nalo halina mahali ndani ya chumba cha kulala, tena butani, mojawapo ya gesi zinazojazwa katika mitungi ya kupikia, hugeuka mvuke kwa shida kadiri joto linavyokaribia sifuri, na moto ukadhoofika saa unapohitajiwa zaidi.

Umuhimu wa maandalizi haya una historia katika eneo hili hili. Majeshi ya Uingereza yalipouteka mji kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916, Kariakoo ilifanywa kambi ya wapagazi wa jeshi. Katika vita vile vya Afrika Mashariki makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, na maradhi kama kuhara, malaria na nimonia, pamoja na njaa na uchovu, yaliwaua wengi kuliko risasi. Waliowapeleka huko mbali hawakujishughulisha vya kutosha kuwaza mpagazi atalala wapi, atajifunika nini na atakula nini.

Fundi wa leo anayepima unene wa sponji kwa ajili ya mgeni atakayelala Kitulo anafanya kinyume cha uzembe ule. Mteja hawezi kuiona kazi hiyo siku anapolipia, maana imefichwa nyuma ya bati, chini ya sakafu na ndani ya pindo, wala hakuna hali ya hewa ya Dar es Salaam inayoweza kuijaribu. Kinachomzuia fundi asidanganye ni dhamiri yake na elimu yake tu, na jamii inayotaka kazi za namna hiyo ziendelee haina budi kuilipa elimu hiyo kwa haki, kuifundisha kwa vijana, na kuihesabu dhamiri hiyo kuwa sehemu ya ufundi wenyewe.