Kuvuka Mikumi kwa mistari minne ya BASIC

Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Mchana mwisho ni kilomita 70 kwa saa, usiku 50. Utavuka kwa dakika ngapi? Hesabu hiyo inafaa kuonyesha jinsi BASIC ilivyofundisha. Lugha hiyo ilianza kutumika Dartmouth, Marekani, mwaka 1964, mwaka uleule hifadhi ilipotangazwa. Kwenye ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani iliyotoka Uingereza mwaka 1982, unaandika:

10 LET K=50
20 INPUT S
30 PRINT K/S*60
40 GO TO 20

Andika RUN, ingiza 70. Runinga, ambayo ndiyo skrini yake, inajibu 42.857143. Ingiza 50, unapata 60.

Wengi husifu uchache wa amri za BASIC. Mimi nasifu zaidi wepesi wa kujibiwa. Ukibonyeza ENTER, mstari unakaguliwa hapohapo; ukikosea, alama ya kuuliza inamweka penye kosa na mstari haupokelewi. Hata kuandika kulirahisishwa: mwanzoni mwa amri, kitufe cha P kilitoa PRINT nzima, nayo ikatunzwa kwa baiti moja tu. Kwa mashine yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 au 48, ubahili huo ulikuwa na maana.

Huku kwetu enzi hizo zilipita kando. Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta, ICT 1500, tangu 1965, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Siku hizi simu ya Android inaiga Spectrum bila taabu, kwa hiyo zoezi hili linafanyika hata ukiwa stendi ya Mikumi.

Sasa ingiza 0, mwendo wa basi lililoharibikia hifadhini. Programu inasimama: “6 Number too big, 30:1”. Kosa limetajwa na mahali pake, mstari wa 30, ambako tumegawa kwa sifuri. Hapo ndipo faida ya kuhesabu mistari kumi kumi inapoonekana, maana kati ya 20 na 30 pana nafasi. Mwanafunzi anachomeka mmoja tu, mashine inaupanga yenyewe:

25 IF S=0 THEN GO TO 20