Oveni ya Mezani: Kagua Moto Kabla ya Lita

Katika maduka ya vyombo vya umeme Kariakoo, boksi la oveni ya mezani huwa na namba moja iliyochapwa kwa maandishi makubwa kuliko yote: lita. Lita 20, 35, 45, 60. Mteja huulizwa nyumbani wako wangapi, huoneshwa lita zinazolingana na familia yake, bei inapatanwa, boksi linafungwa kamba. Lakini lita zinaeleza ukubwa wa chumba tu. Hazisemi moto unatoka upande gani, unafika wapi, wala kama nyuzi 180 zilizoandikwa kwenye swichi ni 180 kweli. Keki inayoungua juu huku katikati ikiwa uji haisababishwi na upungufu wa lita.

Wapishi wa pwani wanalijua jambo hili tangu kabla ya umeme. Mkate wa kumimina huokwa kwa makaa chini ya sufuria na makaa juu ya mfuniko. Mkate ukishashika, ya chini hupunguzwa na ya juu huongezwa ili uso uive na kupata rangi. Oveni ya mezani inafuata kanuni hiyohiyo, ila mahali pa makaa pamekaa koili. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi ni hili: je, moto wa juu na wa chini unaweza kutawaliwa kila mmoja peke yake?

Jibu liko kwenye swichi. Oveni inayofaa kuokea huwa na sehemu ya kuchagua moto wa juu pekee, wa chini pekee, au wote pamoja. Kuku na samaki wanahitaji moto wa juu mwishoni, pizza na mikate hutaka chini pawe na nguvu, keki na vileja hutaka pande zote kwa kiasi. Oveni ndogo zisizo na chaguo hilo, zile zenye taima tu, ni tosta zilizoongezwa mlango. Zinafaa kupasha sambusa na kukausha mkate, basi.

Baada ya swichi, macho yaende kwenye koili zenyewe. Ndani yake mna waya wa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu ambao Mmarekani Albert Marsh aliupatia hataza mwaka 1906. Waya huo unaweza kuwaka mwekundu mara nyingi mno bila kulika, na ndio uliofanya tosta na oveni za umeme ziwezekane majumbani. Katika oveni za leo huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni fimbo ya chuma, ambayo huchelewa kidogo kupata moto lakini huvumilia misukosuko ya safari na fundi huibadilisha bila shida. Ya pili ni mrija wa kioo cha kwatsi. Huu huwaka upesi na hukausha mkate vizuri, lakini ukigongwa hupasuka. Kwa vyovyote, oveni ya lita 30 ikiwa na koili moja juu na moja chini itapika mstari wa katikati na kuacha pembe. Koili mbili juu na mbili chini ndizo zinazogawa moto sawasawa.

Mfano unaotajwa sana ni Smart Oven ya kampuni ya Breville ya Australia, ambayo Uingereza huuzwa kwa jina la Sage. Toleo lake la Marekani la BOV800 lina mirija 5 ya kwatsi na wati 1,800. Sifa yake haiko kwenye idadi ya mirija. Iko kwenye jinsi umeme unavyohamishwa kutoka mrija mmoja hadi mwingine kulingana na chakula: ukichagua mkate moto unagawanywa hivi, ukichagua pizza unagawanywa vile. Ni makaa ya juu na ya chini yaliyokabidhiwa kompyuta.

Hapo hapo pana mtego kwa wanaotumiwa vyombo na ndugu walioko Marekani. Oveni za huko zimetengenezwa kwa volti 120, wakati Tanzania hutumia 230 na Kenya 240. Volti zikiongezeka mara mbili, wati huongezeka mara nne: oveni ya wati 1,500 itajaribu kula 6,000, na itaungua. Transfoma ya kuimudu ni nzito na ghali kiasi cha kuiondolea zawadi maana. Oveni iliyonunuliwa Dubai au Muscat haina tatizo hilo, kwani umeme wa huko unakaribiana na wa kwetu na plagi ni ileile ya pini tatu za mraba.

Feni nayo ina kazi yake. Bila feni, hewa moto hujikusanya juu na chakula cha pembeni huchelewa. Feni huisukuma hewa izunguke, chakula kinaiva upesi na kwa rangi moja. Kanuni ya jikoni ni kupunguza joto kwa nyuzi 20 hivi pale mapishi yanapokuwa yameandikwa kwa oveni isiyo na feni. Mnunuzi ahakikishe feni ina swichi yake, maana unga mwepisi wa keki ya mayai hauhitaji kupigwa upepo kabla haujashika.

Kiungo kinachowaangusha wengi ni themostati. Ndani ya ile ya bei nafuu kuna utepe wa metali mbili zilizobanwa pamoja, kila moja ikitanuka kwa kiwango chake. Joto likipanda utepe hupinda na kukata umeme, ukipoa hunyooka na kuurudisha. Kwa hiyo oveni haikai kwenye nyuzi 180. Hupanda juu yake na kushuka chini yake, na katika oveni duni tofauti hiyo hufika nyuzi 20 au zaidi. Nyama haijali sana. Keki inajali.

Kasoro hiyo haionekani dukani, lakini nyumbani hugunduliwa kwa sukari. Sukari huyeyuka kwenye nyuzi 186 hivi. Oveni ipashwe kwanza, iwekwe 175, na kijiko cha sukari kiingizwe juu ya karatasi ya foili kwa dakika 15: sukari ibaki chenga. Kisha iwekwe 190 na kijiko kingine kwa muda uleule: sukari iyeyuke. Ikiyeyuka kwenye 175, oveni ina moto kuliko inavyosema. Isipoyeyuka kwenye 190, moto wake ni pungufu. Jaribio la pili ni la mgawanyo: wavu ujazwe vipande vya mkate mweupe, uokwe hadi vianze kubadilika rangi. Vipande vyeusi vinaonesha moto uliko, vyeupe vinaonesha usikofika.

Ukubwa sasa unaweza kuzungumzwa, lakini kwa futi kamba. Oveni mbili za lita 30 zinaweza kuwa na umbo tofauti, moja ndefu na nyembamba, nyingine fupi na ya mraba. Kilicho muhimu ni kama bati la keki la inchi 9 linaingia na kubakiza nafasi ya vidole viwili kila upande, na kama mkate ukiumuka hautagusa koili ya juu.

Upande wa umeme, hesabu ni nyepesi. Oveni ya lita 30 huwa na wati 1,500 hivi. Keki ya dakika 45 haimalizi uniti moja, kwa sababu koili zikishafikisha joto huwaka na kuzimika kwa zamu. Hata hivyo, mteja wa TANESCO aliye katika daraja la D1 anatakiwa asivuke uniti 75 kwa mwezi. Kuoka kila siku kwa robo tatu ya uniti tu ni uniti 22 na zaidi, karibu theluthi ya mgawo wake. Anayeoka kwa biashara aliweke hilo kwenye bei ya keki.

Fyuzi ya plagi ni ampea 13, sawa na wati 2,990 kwa volti 230. Oveni ya 1,500 na birika la 2,000 kwenye ekstensheni moja vimeshapita hapo. Oveni ipewe soketi yake ya ukutani yenye waya wa ethi. Na umeme ukishuka, nguvu hushuka kwa kasi zaidi: kwenye volti 200, oveni hiyo hutoa wati 1,130 hivi, na mapishi yote hurefuka.

Kukatika kwa umeme kunaamua pia aina ya taima. Ya kuzungusha huendelea kuhesabu hata gizani, kwa hiyo umeme ukirudi dakika za kuoka zimeliwa, lakini mkono mmoja unazirejesha. Nyingi za kidijitali husahau kila kitu na kusubiri kupangwa upya. Pale umeme unapoyumba, ya kuzungusha ni rahisi kutumia na rahisi kutengeneza.

Kwa familia ya watu wanne hadi sita, uamuzi ni huu: lita 30 hadi 35, wati 1,500 hadi 1,600, koili mbili juu na mbili chini zenye swichi zake, feni inayozimika, themostati inayofika nyuzi 230, na alama ya TBS au KEBS. Oveni ya lita 60 yenye koili mbili iachwe rafuni hata bei ikishushwa. Jaribio la sukari lifanywe wiki ya kwanza, na risiti na boksi visitupwe kabla majibu hayajapatikana.