Heko, wabunifu wa vifungashio

Siagi ya karanga ya mjasiriamali mdogo huweza kuwa tamu kweli, ikakosa rafu dukani kwa sababu ya lebo inayochujuka. Hapo ndipo mbunifu wa vifungashio anapostahili pongezi. Aliye hodari huanza kwa kupunguza: twiga, mlima na jua vilivyobanana kwenye lebo huondoka, hubaki karanga. (Mwenye mali hununa kidogo.) Nafasi iliyopatikana hubeba viambato, uzito halisi, tarehe ya mwisho wa matumizi, alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na msimbomilia wa Tanzania unaoanza na 620. Lakini ninayemvulia kofia hasa ni yule anayeuliza bei ya kopo tupu kabla hajashika kalamu, ajue mjasiriamali atamudu nini.