Uchafu wa Katikati: Rejeta za Malori Baada ya Sekenke

Lori lenye mzigo likitoka Shelui na kumaliza mlima Sekenke, linaingia Iguguno likiwa limeshajieleza. Kama mshale wa joto ulipanda mlimani ukashuka kwenye tambarare, utashauriwa haraka utoe thamostati. Ushauri huo umezoeleka, na ni mbaya. Thamostati iliyokwama ikiwa imefunga ingechemsha gari hata kwenye tambarare ya Igunga. Joto linalopanda mlimani peke yake lina maana kwamba injini inazalisha joto jingi kuliko linaloweza kuondolewa na hewa.

Hewa hubeba joto kidogo mno. Ujazo uleule wa maji hubeba zaidi ya mara 3,000 ya joto linalobebwa na hewa. Tena kwenye uwanda wa Singida, mita kama 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia 16 hivi kuliko ya pwani yenye joto sawa. Feni inavuta ujazo uleule lakini uzito wa hewa umepungua. Ndiyo sababu mirija ya rejeta huvishwa mapezi ya alumini, membamba na yaliyobanana, ili joto lipate eneo kubwa la kutokea. Kwenye mianya ya milimita chache kati ya mapezi ndipo hunasa vumbi, wadudu na, msimu wa mavuno, makapi ya alizeti.

Utingo huosha anachokiona. Lakini kwenye lori la turbo, mbele ya rejeta kuna intakula, kipoza hewa ya turbo, na mara nyingi mbele yake kuna kondensa ya AC. Hewa hupita kwenye zote hizo kwa zamu. Maji ya nguvu yakipigwa kwa mbele yanasukuma taka hadi katikati ya intakula na rejeta, zinageuka blanketi. Sura ya mbele inang'aa, gari linachemsha.

Kazi iliyofanywa vizuri huanza injini ikiwa imepoa. Vifungio vya intakula hulegezwa, isogezwe mbele hadi mwanya wa katikati uonekane. Kama kuna mafuta yanayovuja, zibeni kwanza, maana mafuta ndiyo gundi ya vumbi. Kisha kompresa hupuliza kutoka upande wa feni, kinyume na njia ya hewa, na maji ya shinikizo dogo hufuata. Mpira uelekezwe moja kwa moja kwenye uso wa rejeta. Ukipiga kwa mshazari mapezi yanalala, na pezi lililolala linaziba kama tope. Kostiki soda usiiguse, inakula alumini. Maji ya chumvi nayo, kama ya ziwa Singidani, yakikauka huacha ukoko. Mwisho, tochi iwashwe nyuma: panapobaki giza, hapajasafishwa.

Wenye mitambo mikubwa wanapambana na jambo hilohilo. Olkaria III, kiwanda cha umeme wa jotoardhi cha Ormat karibu na Naivasha, Kenya, kilianza kuzalisha mwaka 2000 na hupoza mvuke wa kimiminika kinachozungusha turbini zake kwa safu za feni badala ya minara ya maji. Maji hayapotei hewani, faida kubwa katika eneo kame, ila hewa ya adhuhuri ikipanda joto umeme hupungua. Hapo kila pezi lililoziba lina bei.

Kishawishi cha kuongeza mwendo wa feni kipo kote kuwili. Hesabu inakataa: ukitaka hewa zaidi kwa asilimia 10, feni inadai nguvu zaidi kwa asilimia 33, na kwenye lori nguvu hiyo inatoka kwenye injini ileile inayochemka. Kagueni kwanza mkanda uliolegea, klachi ya feni inayoteleza, na kava iliyovunjika inayoiacha hewa moto irudi mbele. Thamostati ipimwe kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto. Ikifunguka kwa joto lililoandikwa juu yake, irudishwe mahali pake.