Namna ya Kuipima Filamu ya Thor

Watazamaji wa filamu tuna usemi wetu: stelingi hafi. Atapigwa, ataporomoka ghorofani, damu itamtoka, lakini mwisho atasimama. Visa vya kale vya Skandinavia haviutambui usemi huo. Katika visa hivyo, alivyoviandika Snorri Sturluson wa Iceland kwenye miaka ya 1220, Odin anamezwa na mbwa mwitu Fenrir. Thor naye analiua joka la baharini, anapiga hatua tisa, kisha anaanguka na kufa kwa sumu ya joka hilo. Miungu hiyo inajua mapema kwamba siku ya kufa ipo, na bado inajiweka tayari kwa vita.

Thor aliingia katika vitabu vya katuni vya Marekani mwaka 1962, kwa kazi ya Stan Lee, Larry Lieber na Jack Kirby. Tangu 2011 kampuni ya Marvel imemtolea filamu nne zenye jina lake, zote akiigizwa na Chris Hemsworth. Anayetaka kujua ipi imetengenezwa kwa ustadi aanze na swali moja: nguvu hii inalipiwa nini? Majumba ya dhahabu na radi vimo katika zote nne. Zinatofautiana katika bei anayotozwa mhusika.

Tafuta bei

Thor ya 2011 iliongozwa na Kenneth Branagh, aliyekuwa amekwisha kuzifanya filamu tamthilia za Shakespeare kama Henry V na Hamlet. Ugomvi wa baba mfalme na mwana mwenye kiburi haukuwa mgeni kwake. Odin anamvua mwanawe nguvu na kumtupa duniani, katika jangwa la New Mexico. Usiku, mvua ikinyesha, Thor anajipenyeza katika kambi ya serikali, anawaangusha walinzi kwenye matope, mpaka anaifikia nyundo yake. Anaishika akitabasamu. Haiinuki. Anavuta tena kwa nguvu zote, kisha anatazama mbinguni na kupiga ukelele, magoti yakimwisha nguvu.

Rudia kipande hicho na uutazame uso peke yake. Tabasamu linafutika kabla ya ukelele kutoka, na hapo ndipo kiburi kinapovunjika. Hakuna picha za kompyuta zinazolibeba tukio hilo. Linabebwa na mvua, matope na mwigizaji. Filamu ya aina hii ikikosa hata tukio moja la namna hiyo, usiihesabu miongoni mwa zile nzuri.

Uliza kwa nini kisa kimebadilishwa

Wapo wanaohukumu kwa kuhesabu tofauti. Ni kweli, Thor wa kale ana ndevu nyekundu, Loki ni ndugu wa kiapo wa Odin, na Hel ni binti wa Loki. Lakini kila msimulizi ana haki ya kugeuza. Cha kupima ni faida aliyoipata kwa kugeuza.

Katika Thor: Ragnarok ya 2017, Taika Waititi wa New Zealand anamfanya Hel, anayeitwa hapa Hela, kuwa mzaliwa wa kwanza wa Odin. Cate Blanchett, kama Hela, anaingia katika ukumbi wa kifalme, anatazama juu kwenye michoro ya dari inayomwonyesha Odin akiwa na ukoo wake kwa amani, kisha anaiangusha. Chini yake kuna michoro mingine ya zamani: Odin na binti huyo vitani, wakiteka nchi za watu. Bila hotuba ndefu tunaelewa kwamba dhahabu ya Asgard, makao ya miungu hiyo, iliporwa, na kwamba adui huyu ni deni la nyumba yenyewe.

Tazama pia jicho. Katika visa, Odin alitoa jicho lake kwenye kisima cha Mimir ili apate hekima. Filamu ya 2011 ililigeuza kuwa jeraha la vita tu. Katika Ragnarok, Hela anamtoboa Thor jicho, na muda mfupi baadaye Thor anamwona baba yake na kutambua kwamba nguvu zake hazikutoka kwenye nyundo. Bei ya kale imerudi mahali pake, na hakuna mhusika anayesimama kutueleza.

Usitupe filamu nzima

Thor: The Dark World ya 2013, ya Alan Taylor, ina adui dhaifu. Malekith anataka kulirudisha giza ulimwenguni, ila filamu haitupi nafasi ya kumjua. Hata hivyo ndani yake mna msiba uliotengenezwa vizuri kuliko wowote katika filamu hizi. Frigga, mama wa Thor aliyemlea Loki, amekufa. Mlinzi anamfikia Loki gerezani na kumwambia maneno tusiyoyasikia. Loki anaitikia kwa kichwa, kisha samani zinarushwa ukutani. Baadaye Thor anamkuta amesimama, nadhifu kabisa, na kumtaka aache kiinimacho. Picha inayeyuka: Loki ameketi sakafuni, miguu mitupu, nywele timtim, chumba kimevunjwavunjwa. Uchawi wake ulikuwa unaficha kilio.

Pima kicheko

Mzaha hauna kosa ukijua kunyamaza. Thor: Love and Thunder ya 2022, pia ya Waititi, ina bei mbili nzito. Gorr, anayeigizwa na Christian Bale, amefiwa na binti yake jangwani, na mungu aliyemwabudu anamcheka. Jane Foster, mpenzi wa zamani wa Thor anayeigizwa na Natalie Portman, ana saratani, na kila anapoishika nyundo, mwili wake unazidi kuishiwa nguvu za kupambana na ugonjwa. Lakini mbuzi wawili wa gari la Thor, waliomo kweli katika visa vya kale, wanapiga kelele tena na tena, na huzuni haipati pa kukaa. Ukicheka kisha ukajikuta humwogopei tena mhusika, mzaha umeiba.

Sikiliza

Ragnarok inautumia mara mbili wimbo Immigrant Song wa Led Zeppelin, uliotungwa 1970 baada ya bendi hiyo kuzuru Iceland. Mara ya kwanza Thor anapigana akiwa na nyundo, kama mchezo. Mara ya pili yuko kwenye daraja la Bifrost, nyundo imekwisha kupondwa, jicho limekwenda, na radi inatoka mwilini mwake. Wimbo ni uleule. Aliyebadilika ni mtu.

Hukumu

Naiweka Ragnarok mbele. Katika visa vya kale, moto wa jitu Surtr, ambaye filamu inamwita Surtur, ni ajali iliyoandikwa. Hapa Thor mwenyewe anaagiza Surtur afufuliwe aiteketeze Asgard, ili watu wake wapone. Amelipa kwa nyumba yake. Inafuata ya 2011, kisha Love and Thunder, na mwisho The Dark World. Usikubali orodha hii kwa maneno yangu tu: zitazame zote nne kwa zamu, na mwisho wa kila moja andika kitu kimoja ambacho Thor alikipoteza na hakukipata tena. Ukikosa cha kuandika, umekwisha kutoa hukumu.