Pango Linasimulia Nusu

Toka Msambweni ushuke hadi Shimoni, ulipe kiingilio pale Pango la Watumwa, uteremke ngazi. Wanaoendesha mahali hapa ni wanakijiji wenyewe, na ukilitazama somo lao kama onyesho, ni kali: giza, popo, vyuma vilivyopigiliwa kwenye mwamba, sauti ya mwongozaji ikizunguka. Mimi niliyeacha chuo sikumbuki darasa lililonishika hivyo.

Ila siku niliyoenda, tulipewa nusu. Watumwa wanaletwa, wanafichwa, wanapakiwa kwenda Unguja, basi. Na giza lote lile halina mtu hata mmoja mwenye jina. Soko la Unguja lilifungwa 1873. Utumwa wenyewe, pwani yetu hii ya Kenya, haukufutwa kisheria hadi 1907. Hiyo miaka 34 katikati, mashamba yetu yalilimwa na nani? Hapo si habari ya wageni na majahazi tena. Ni habari ya mabwana wa hapahapa, na ya watu ambao vitukuu vyao tunakaa nao baraza moja.

Naelewa kwa nini inarukwa. Posa bado huvunjika kwa swali moja tu: "Hao asili yao wapi?" Mzee anayejua jibu atalisemaje mbele ya watoto wa shule na watalii? Simlaumu sana.

Basi wafanye Jumamosi moja bila kiingilio wala watalii, kwa Kidigo na Kivumba, waanze na hiyo miaka 34. Nitakuja.