Mlingoti Usio na Vidato

Mkwezi wa mnazi ana vidato. Akipanda leo, mguu unajua pa kukanyaga. Mlingoti wa Kichina hauna hisani hiyo. Ni bomba la chuma lililovikwa mpira, likasimamishwa wima na kukazwa kwa nyaya, na mwanasarakasi huukwea kwa viganja, nyayo na mapaja. Mpira unaomshika ndio huohuo unaomchuna. Wachezaji wake hujifunika mikono na miguu kwa nguo nzito, na bado ngozi huungua kwa msuguano.

Kwenye milingoti ya namna hii ndipo Sadiq Ali, mwanasarakasi wa Scotland aliyelelewa katika Uislamu na anayependa wanaume wenzake, alipojenga igizo lake The Chosen Haram. Wanaume wawili, milingoti miwili, na hadithi inayosimuliwa kwa miili zaidi kuliko kwa maneno.

Nimelitafakari sana neno la mwisho la jina hilo, Haram, maana Mswahili hulijua kwa pande zote mbili. Haramu ni riba na nguruwe. Lakini Haram ni Makka, na ihramu ni shuka nyeupe za haji. Mzizi ni mmoja: kilichowekewa mpaka, kwa kukatazwa au kwa kutukuzwa. Igizo limesimama juu ya mpaka huo. Silioni likibishana na mashekhe wala kutoa fatwa. Linaonyesha uzito anaoubeba mtu mwenye mapenzi na imani katika kifua kimoja.

Na uzito ndio lugha ya ufundi wa mlingoti. Mtu hujiachia kutoka juu, kichwa chini, akabana mapaja zikiwa zimebaki shubiri chache kufika sakafuni. Mwenzake akimning'inia mkononi, kilo ni kilo. Hapo hakuna kuigiza kuaminiana.

Anayedhani sarakasi ni ngeni kwa Waislamu atazame Sous, kusini mwa Moroko. Huko wanasarakasi wamejinasibisha kwa vizazi na Sidi Ahmed u Musa, walii wa karne ya 16, wakajiita wanawe, na minara yao ya watu ikafika hadi Ulaya.

Ninachokipenda kuliko vyote ni utulivu: mchezaji ameunyoosha mwili kando ya mlingoti kama bendera, hapandi wala hashuki, mikono inatetemeka, na ukumbi mzima umebana pumzi pamoja naye.